Gari langu lilijifungia breki mara tatu kwenye msafara wa mazishi, lawama ikamwangukia mjane

Wakuu, nawasalimu kutoka Kisumu, ambako leo jua limekaa juu ya mabati na halina mpango wa kuondoka.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Nasoma nyuzi zenu za magari, nacheka, napita. Leo ni zamu yangu. Nitalieleza jambo hili jinsi lilivyonitokea, pamoja na sehemu zinazoniaibisha. Hasa hizo.

Kama una gari la kutoka Japani lenye ile teknolojia ya kujifungia breki lenyewe, soma hadi mwisho. Kama huna, soma pia, maana gari ni nusu tu ya habari.

Nianze na mzee.

Mama yangu mdogo, Rispa, ni wa kwetu Kakamega. Aliolewa Nyakach, mbele kidogo ya Katito ukielekea Kendu Bay, na mwanamume aliyeitwa Owuor. Sisi Waluhya, wao Wajaluo. Mama mdogo akajifunza Dholuo mpaka akawa anaota kwa Dholuo, lakini kule nyumbani kwa mume wake hadi leo anaitwa Nyar Kakamega, yaani binti wa Kakamega. Wanalitaja jina hilo kwa upendo. Siku za shida, jina hilohilo hutajwa kwa sauti nyingine.

Mzee Owuor aliendesha trekta za miwa Muhoroni hadi macho yakachoka. Akastaafu, wakaja kuishi Nyalenda, hapa mjini.

Mtu aliyezeeka akivuta matela ya miwa haamini breki za mtu yeyote. Kila nilipompa lifti alikaa kiti cha mbele kushoto, na kila tulipokaribia kitu chochote, hata kuku, alikanyaga sakafu kwa mguu wa kulia. "Breki, nyathina, breki!" Nyathina ni mwanangu. Alikanyaga hadi mpira wa sakafuni upande ule ukalika, ukabaki na kidoa laini cha ukubwa wa kisigino.

Sasa gari. Ni dogo, jeupe, lilishuka bandarini Mombasa na Kijapani chake chote. Dashibodi ni Kijapani. Ukiwasha, kuna dada anaongea Kijapani, kwa upole, kama mhudumu wa hoteli. Sijawahi kujua anasema nini. Wengi wetu tuko hivyo, tukubali tu. Tunaendesha magari yanayotusemesha lugha tusiyoijua, na jibu letu ni kuongeza sauti ya redio.

Siku moja, mwaka kabla ya mazishi, nilikuwa natoka Muhoroni na mzee. Mbele yetu trekta imejaa miwa, na muwa mmoja umechomoza nyuma kama kidole. Nilikuwa nimegeuza macho nikitazama mama mmoja akiuza mahindi.

Ti-ti-ti-ti! Picha nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, gari na kitu kama nyota iliyopasuka mbele yake. Gari likajifunga breki, likasimama. Mguu wangu ulikuwa bado kwenye mafuta.

Mzee Owuor akautazama mguu wake uliokuwa umekanyaga sakafu. Akanitazama mimi. Akauliza kwa unyenyekevu mkubwa:

"Ni mimi?"

Wakuu, nilicheka hadi nikaegesha pembeni. Baadaye nikatafuta mtandaoni nikaelewa: mbele ya gari, nyuma ya ile nembo ya kwenye grili, kuna rada. Ikiona kitu karibu, na wewe umelala, inafunga breki. Nilimweleza mzee. Hakutaka kusikia. Alirudi Nyalenda akawaambia watu, na ndugu zake wote kwa simu, kwamba amesimamisha gari akiwa kiti cha abiria.

Halafu akaugua.

Mdogo wake, Mzee Ochola, alitaka apelekwe nyumbani Nyakach akapumzike kwenye hewa ya kwao. Mama mdogo akakataa. Hospitali iko huku, alisema, dawa ziko huku. Akipata nguvu nitampeleka mwenyewe. Alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kitandani. Nguvu hazikurudi. Mzee Owuor alifia mjini, mkono wake ukiwa mkononi mwa mke wake.

Nyakach hawakusema kitu. Lakini kuna kutosema ambako unakusikia.

Siku ya kumpeleka nyumbani tulikusanyika mochari asubuhi. Mnajua desturi ya huku: magari ya msafara huvishwa matawi mabichi, ili wenye magari mengine wajue kuna msiba na watupishe. Wengi huchomeka kijitawi kwenye kioo cha pembeni, basi.

Mimi sikutaka mtu aseme kwamba watu wa Kakamega hawajui kuomboleza. Nilimwomba askari wa geti ruhusa, nikaukwea mwarobaini uliokuwa uani, nikakata. Nikafunga matawi kwenye grili kwa kamba ya katani, moja juu ya jingine, hadi uso wa gari ukapotea.

Odhis, dereva wa ile van iliyobeba akina mama wa kwaya, alinizunguka akiwa na mswaki wa mti mdomoni.

"Omera, ndugu yangu, hiyo ni gari ama shamba?"

"Ni heshima," nikamjibu.

"Heshima na upalilie, basi."

Tukaondoka. Gari la mwili mbele. Mimi wa pili, mama mdogo kiti cha nyuma, picha ya mumewe ndani ya fremu mapajani, na Mzee Ochola kando yangu, kwenye kiti kile cha mbele kushoto. Nyuma yetu van ya Odhis na kwaya ikiimba. Nyuma yao wengine.

Mpaka Ahero hakuna neno. Tukapita matuta pale, gari likaruka kidogo, tukashika barabara ya Kisii.

Ti-ti-ti-ti!

Breki. Mzee Ochola akatupwa mbele, mkanda ukamrudisha. Nyuma nikasikia magurudumu ya Odhis yakilia. Mbele yetu barabara tupu. Gari la mwili lilikuwa mbali kabisa.

"Wewe kijana, nini sasa hiyo?"

"Pole, Mzee. Sijui."

Ndiyo, wakuu. Nilisema sijui. Nilikuwa nimeiona ile picha nyekundu.

Tukaendelea. Mashamba ya mpunga kulia na kushoto, maji yamelala na mawingu ndani yake, yangeyange weupe wamesimama kwa mguu mmoja. Mahali pazuri hivyo, na ndani ya gari hakuna aliyepumua vizuri. Tuta lingine. Mita chache mbele:

Ti-ti-ti-ti!

Safari hii Mzee Ochola hakuniuliza kitu. Alitazama mbele, akasema polepole, kana kwamba anajisomea:

"Owadwa odagi."

Ndugu yetu amekataa.

Nieleze hapa kidogo kwa wale wasio wa huku. Kwa Dholuo, kama kwa Kiswahili, injini hukataa na mtu pia hukataa. Neno ni moja. Na kila aliyekulia kandokando ya ziwa hili amesikia habari za marehemu aliyekataa: gari la mwili linazima njia panda, mafundi wanashindwa, hadi mtu wa karibu aje aongee naye, amwombe, ndipo liwake. Mimi sizicheki habari hizo. Watu wanaoamini kwamba wafu wao bado wana la kusema ni watu wanaowapenda wafu wao.

Lakini lililokuwa limesimama halikuwa gari la mwili. Lilikuwa gari lililombeba mjane.

Nikamwona mama mdogo kwenye kioo. Aliikumbatia picha.

"Amekataa nini, shemeji?"

Mzee Ochola si mtu mbaya, naomba mnielewe. Alikuwa mtu aliyefiwa na kaka.

"Alitaka kuja nyumbani akiwa bado anapumua," akasema.

Sasa hapa ndipo aibu yangu ilipo. Nilijua. Kama sikujua kwa hakika, nilihisi vya kutosha kufungua mdomo. Ningesema, "Mzee, hii ni rada, iliwahi kufanya hivi Muhoroni." Sentensi moja.

Sikusema. Nilikuwa kijana, wa upande wa mke, ndani ya msiba wa wenyewe. Nani aanze kumfundisha Mzee Ochola mambo ya kaka yake? Halafu kuna kingine, nikikiri: mbele hapakuwa na trekta wala muwa. Barabara ilikuwa wazi. Nusu yangu ikaanza kumwogopa Mzee Owuor, mtu aliyenipa pipi nikiwa mdogo.

Kwa hiyo nikanyamaza kutoka kwenye mpunga hadi Katito.

Katito ilikuwa siku ya soko. Tukapunguza mwendo tukikaribia njia panda ya Kendu Bay, tukapita tuta, nikaongeza mafuta.

Ti-ti-ti-ti!

Halafu mshindo nyuma. Wimbo wa kwaya ukakatika katikati ya neno.

Odhis alikuwa ametugonga. Si sana: taa moja ya nyuma ilivunjika na bampa ikaingia ndani. Lakini kwenye van akina mama walikuwa wameangukiana, na mmoja, bibi mwembamba anayeimba sauti ya kwanza, alishuka akiwa ameshika mdomo unaotoka damu.

Msafara wote ukasimama. Watu wakashuka. Soko likaja.

"Mara tatu!" Odhis akapiga kelele. "Mara tatu, omera! Unaendesha gari ama unacheza?"

Lakini wengine hawakuwa wakinitazama mimi. Minong'ono ilikwenda kutoka gari hadi gari, na katika kila mnong'ono nilisikia neno lile: odagi, odagi. Macho yote yalikuwa kwenye mlango wa nyuma.

Mzee Ochola alishuka, akazunguka, akainama dirishani kwa mama mdogo. Hakupaza sauti.

"Nyar Kakamega. Shuka, mama. Panda gari la mwisho kabisa. Acha tumfikishe kwanza. Wewe utakuja baadaye."

Sijui kama mnaelewa uzito wake. Mke hufika na mume wake. Angeingia kwenye boma lake mwenyewe nyuma ya kila mtu, nyuma ya majirani, nyuma ya masufuria, na kila aliyekuwa pale angejua sababu. Wangemzungumzia hivyo akiwa hai na akiwa ameshazikwa: yule ambaye mume wake alimkataa njiani.

Mama mdogo akafungua mlango. Akatoa mguu mmoja. Kiatu cheusi, kipya, kikagusa vumbi la Katito.

Kiatu kile ndicho kilichonifungua mdomo.

"Mzee, ni gari."

Aligeuka. "Gari imefanya nini?"

"Ni gari langu. Si yeye." Sauti yangu ilikuwa ya mtoto. Nikaeleza yote kwa haraka, rada, nembo, picha nyekundu, muwa wa Muhoroni, Mzee Owuor mwenyewe akiwa shahidi kwenye kiti kile. "Nadhani ni matawi. Nilifunga mengi. Gari linadhani ni kitu kimesimama mbele."

Mama mmoja muuza nyanya akasema kwa sauti ya soko:

"Yawa! Kwa hivyo gari inaogopa majani?"

"Hata mbuzi haiogopi majani!" mwingine akamjibu, na watu wakacheka.

Mzee Ochola hakucheka. "Unaweza kuonyesha?"

"Naweza."

Waendesha boda wakajitolea kufunga barabara ya Kendu Bay upande mmoja, kwa furaha, kana kwamba walikuwa wanaingoja kazi hiyo tangu wazaliwe. Odhis akasimama kando ya lami. Mama mdogo alibaki pembeni na picha yake, akina mama wa kwaya wakimwachia nafasi kubwa kuliko alivyohitaji.

Nikaingia na Mzee Ochola. Nikaondoa gari. Thelathini. Arobaini. Hamsini.

Hakuna kitu.

Nikageuza, nikarudi, nikajaribu tena. Hakuna kitu. Gari lilikwenda laini kama siku niliyolinunua. Mzee Ochola akanitazama kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko kama angenitukana.

"Inatosha, kijana wangu. Ulitaka kumsaidia mama yako. Si kosa."

Tuliposimama, mama mdogo alikuwa amekuja hadi mbele ya gari. Alikuwa anayatazama matawi, kichwa ameinamisha upande, vile anavyotazama nguo niliyoifua mimi.

"Haikuwa hivi," akasema.

"Vipi, Mama?"

"Tulipotoka mochari yalikuwa yamesimama juu. Niliposhuka hapa, hili kubwa lilikuwa limening'inia kama ndevu. Nani ameliinua?"

Odhis akainua mkono, mswaki bado mdomoni. "Ni mimi nililisukuma juu. Lilikuwa linafunika namba ya gari."

Kila tuta lilikuwa limelilegeza kidogo, wakuu. Ahero kidogo, kwenye mpunga kidogo, Katito likaanguka kabisa. Na mimi mwenye gari sikuwa nimetazama mbele ya gari langu hata mara moja.

Mama mdogo akampa bibi wa kwaya ile picha. Akaishika kamba ya katani, akalivuta tawi chini kwa mkono wake mwenyewe, majani yakafunika nembo yote.

"Sasa nendeni," akasema. "Mimi nakaa hapa."

Nikaondoa gari. Mzee Ochola kando yangu. Upepo ukaanza kuliinua tawi na kulishusha. Thelathini. Arobaini.

Ti-ti-ti-ti!

Gari likajifunga, pua chini. Nikaitoa mikono yote miwili kwenye usukani na nikauvuta mguu juu ya kiti ili mzee aone sigusi kitu. Picha nyekundu ikawa inawaka na kuzima.

Mzee Ochola aliitazama ile picha. Akageuza shingo, akatazama kiti cha nyuma. Kitupu. Akakitazama kwa muda mrefu.

"Na yeye hayumo," akasema.

Tuliporudi hakungoja nizime gari. Alishuka, akaanza kuifungua kamba, ikamshinda, akaikata kwa meno. Tawi moja baada ya jingine akayaweka kando ya barabara kwa adabu, hakuyatupa. Alipomaliza alichukua kijitawi kimoja kidogo akakichomeka kwenye kioo cha pembeni, kama watu wenye akili.

Halafu akamwendea mama mdogo. Sikusikia neno la kuomba radhi. Wazee wetu hawana vipuri vya neno hilo. Alifungua mlango wa mbele, upande wa kushoto, akaushikilia.

"Kaa hapa," akamwambia. "Ndipo alipokuwa anakaa."

Yeye akakaa nyuma.

Tukaondoka tena, wa pili nyuma ya gari la mwili. Odhis akaacha nafasi kubwa safari hii. Kwaya ikaanza upya, bibi mwembamba akiimba na leso mdomoni. Dada wa Kijapani alikuwa ameshasema maneno yake ya kuanza safari na kunyamaza.

Kabla ya kufika kwao kuna tuta moja baya sana. Nilipolikaribia nikakanyaga breki taratibu. Kwa jicho la pembeni nikaona kiatu cheusi kikishuka sakafuni, juu ya kile kidoa laini, kikikandamiza.

Gari likatulia.

Mama mdogo akatazama mguu wake. Akanitazama.

"Ni mimi?" akauliza.

Nyuma yetu Mzee Ochola alitoa sauti ambayo sikuitambua mara moja. Alikuwa anacheka. Alikuwa amesimuliwa kile kisa kwa simu mara nyingi kuliko sisi wote. Alicheka na kulia, na mama mdogo akacheka na kulia, na mimi nikashindwa kuiona barabara vizuri. Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye boma la mume wake.

Sasa yale ya kujifunza, kwa anayetaka.

Fundi mmoja wa Kondele alinieleza baadaye kwamba majani mabichi yana maji ndani, na rada huyaona vizuri yakichezacheza mbele yake. Wakati mwingine mfumo hugundua umezibwa ukajizima. Wangu haukujizima. Basi usifunge kitu mbele ya gari la aina hii: matawi, bendera, utepe wa harusi, mabango ya kampeni. Magari mengine yana kamera juu ya kioo cha mbele. Napo pasafishwe, pasibandikwe stika. Gari langu lina kitufe cha kuuzima ule mfumo. Miaka yote nilidhani ni cha taa. Tafuta chako, lakini usiuzime moja kwa moja. Siku ile Muhoroni, bila rada, ule muwa ungeingia kupitia kioo.

Likifunga breki bila sababu, egesha, shuka, tazama mbele ya gari lako. Dakika moja. Na ukiwa nyuma ya mtu kwenye msafara, achia nafasi.

Lakini somo langu hasa haliko kwenye gari. Mdomo wa yule bibi ulivimba kwa wiki mbili, na mama yangu mdogo alibeba lile neno kutoka kwenye mashamba ya mpunga hadi Katito, kwa sababu nilijua kitu nikakaa nacho kimya nikidhani ni adabu. Adabu ingekuwa kusema mapema, kwa upole, na kukosolewa kama nimekosea.

Mpira wa sakafuni sijaubadilisha. Fundi aliniambia umeisha. Nikamwambia nauona.

Haya, wakuu, uwanja ni wenu. Nani mwingine gari limewahi kumfungia breki hewani, na mlimlaumu nani? Na kama humu kuna mtu anayejua Kijapani, nitamrekodia sauti ya yule dada. Nataka aniambie ni nini amekuwa akinieleza muda wote huu.